Mtama wa Holo

Milembe alisimama mpakani mwa shamba lake, debe tupu mkono huu, fimbo mkono wa pili. Mahindi yake yalikuwa yamekauka kabla ya kuzaa. Ng'ambo ya mpaka, mtama wa jirani yake Holo uliinamisha vichwa kwa uzito.

Miaka yote Milembe ndiye aliyewagawia majirani mbegu, mahindi aliyoyakausha kwa moshi juu ya jiko lake. Mvua zilipozoea kuchelewa na kukatika mapema, Holo akapanda mtama. Milembe alimcheka kisimani mbele ya watu: "Chakula cha kuku hicho!"

Asubuhi hii Holo alikuja mbio, mtoto mwenye homa mgongoni. "Dada, nawahi zahanati. Nifukuzie ndege mpaka nirudi."

"Nenda tu, mdogo wangu," alijibu, wivu ukimchoma.

Sasa ndege walikuja, wingu zima. Walilipita shamba la Milembe bila hata mmoja kutua, wakashukia mtama. Hata ndege!

Milembe aliinua fimbo kulipiga debe, akasita. Fimbo ilikuwa bado hewani punje ya kwanza ya mtama ilipomponyoka ndege mdomoni, ikadondokea upande wake wa mpaka.