Fungu la Mgeni

Katika mji ule mdogo wa Marekani, kila nyumba ya wakimbizi ilifungiwa jiko linalopima chakula na kukadiria idadi ya walaji. Nyumba ya Wabiwa iliandikishwa watu wanne, yeye na wanawe watatu. Kwa wiki tatu mfululizo jiko lilikuwa limeripoti watano.

"Mnamficha nani?" aliuliza Darlene, jirani aliyejitolea kuwasaidia wazoee maisha ya pale. Hakuuliza kwa ubaya, ila uso ulimsawijika. "Kesho wanakuja kukagua. Mkizidi tena leo, mtahamishwa wote."

"Hatumfichi mtu, mama. Hilo fungu la tano ni la mgeni."

"Mgeni gani?"

"Simjui. Hajafika bado."

Kwao Fizi, kule Kongo, kupika chakula cha kuwatosha wenye nyumba peke yao ni uchoyo, na mchoyo hazikwi na watu wengi. Wabiwa alijaribu kulieleza hilo, lakini Darlene alimshika mkono.

"Nakusihi. Pika cha wanne."

Jioni hiyo Wabiwa alipunguza unga, akasonga ugali mdogo kuliko wote aliowahi kusonga. Taa ya jiko ikawaka kijani. Wakanawa, wakaketi, na tonge la kwanza lilikuwa bado mkononi mlango ulipogongwa.

"Hodi," sauti ya mwanamke ikaita, kwa lafudhi ya Fizi kabisa. "Hodi wenyewe."

Kitindamimba akafumbua kinywa kuitikia karibu. Wabiwa akakiziba kwa kiganja.