Wimbo wa Kwanza

Mpira ulisogea. Kidogo tu, upana wa ukucha, pale fundi cherehani alipougusa kwa fimbo kwenye nyasi ndefu karibu na shimo la mwisho. Wifi yake peke yake ndiye aliyeona, na maneno akayameza pamoja na kipande cha kuku wa kuchoma.

Nani mwingine angejua? Huu ulikuwa uwanja wa gofu wa manispaa, si wa mabwanyenye. Ng'ambo ya uzio, baa ilishawasha taa na majiko, na moshi wa nyama ulielea mpaka shimoni. Bendi ya baa ilikuwa imenyamaza, kama kawaida yake katika pigo la mwisho la mashindano. Mshindi ndiye huchagua wimbo wa kwanza. Fundi, ambaye akiutumbukiza mpira angekuwa sare na dereva wa lori la taka aliyekwisha kumaliza, na kupata nafasi ya marudiano, alitaka ule alioupenda marehemu mumewe. Wifi naye aliutaka. Marehemu alikuwa kaka yake.

Piga basi, aliomba kimoyomoyo.

Vidole vya fundi, vilivyotobolewa na sindano miaka nenda miaka rudi, vililegea kwenye fimbo.

"Nimeugusa, umesogea. Niongezeeni pigo moja."

"Wifi! Nani kakuuliza?" dada wa marehemu akamaka.

"Hakuna. Ndiyo maana nasema."

Akaurudisha mpira mahali pake, akaupiga. Ukatumbukia moja kwa moja. Akawa ameshindwa kwa pigo hilo hilo moja.

"Haya, dereva!" mpiga gitaa akapaza sauti. "Wimbo gani?"

Dereva akavua kofia.

"Muulizeni fundi."