Namba Kwenye Gongo

"Bi Shuwena, nirudishie kibati changu cha namba, tuyamalize kiutu uzima," mwenye gari alisema, amemfuata hadi barazani kwa wakili.

Kibati kilichomoka siku gari lilipomgonga Bi Shuwena akikaanga mihogo kando ya barabara, likamvunja mguu na kukimbia. Kwa polisi, bwana huyu aliapa gari lake halijawahi kukanyaga mtaa ule.

Wakili Nasibu, anayewasaidia majeruhi bure kila Alhamisi, alinyoosha mkono. "Nikifungie kabatini mpaka siku ya kesi."

"Kabatini? Kwani nimekiiba?" Bi Shuwena aliuliza.

Akakifunga kwa waya kwenye gongo lake, namba zikitazama mbele. Kisha akajikongoja kuingia sokoni. Kila alipopita, wauza nyanya waliisoma namba kwa sauti.