Kabalagala za Mke Mdogo

Akullo alikuwa anamalizia kufunga kabalagala kwenye jani la mgomba pale Kulusum, mke mkubwa, alipoingia jikoni na kumshika mkono.

"Hii yote ya nani?"

"Ya chai, Mama Nusura."

"Chai gani inafungwa na majani? Chai iko na safari?"

Akullo aliuvuta mkono wake. Tangu alfajiri alikuwa akiponda ndizi mbivu na unga wa muhogo, akitia tangawizi na iliki, akikata vipande kwa mdomo wa kikombe na kuvikaanga. Ndizi zilikuwa zimeiva kupita kiasi, na afadhali, maana sukari mwaka ule watu walikuwa wakiisikia redioni tu. Kabalagala hizo zilikuwa za kaka yake Ogwal, polisi, aliyekuwa akijificha Kalerwe nyuma ya banda la mkaa la mama mmoja, Nalongo. Walango, kabila lao, na Waacholi walikuwa wakichukuliwa na wanajeshi kazini mchana kweupe, wala hakuna aliyerudi kusimulia alikopelekwa. Na Abudu, mume wao, sajini wa jeshi, alikuwa ameapa mbele ya wenzake kwamba shemeji yake atamleta mwenyewe.

Kulusum alifungua jani, akaonja moja, akasonya.

"Tangawizi kidogo. Nyinyi napika kama watu ya hospitali." Akazimwaga zote kwenye bakuli lake. "Mzazi atakula. Inaleta maziwa."

Mzazi ni Nusura, binti yake, aliyelala chumba cha mwisho na mtoto mchanga. Arobaini yake haijatimia, na katika nyumba ile ya Wanubi mwanamume haingii chumba cha mzazi kabla ya arobaini, hata awe baba yake. Jana jioni shangazi mmoja alifika kutoka Bombo kuja kumkanda, amejitanda shuka hadi machoni. Akullo alipotaka kumsalimu, Kulusum alimshushia pazia usoni.

Si ajabu. Kulusum alimchukia tangu siku alipoletwa katika nyumba hii ya Bukoto. Chuki ilizidi Nusura alipoolewa na Obwona, rafiki wa Ogwal, ambaye alimjulia hapahapa, jikoni kwa Akullo. Obwona alichukuliwa kabla mtoto hajazaliwa. "Wewe ndiyo ulileta huyo mtu kwa mtoto yangu," Kulusum alimwambia kila walipogombana, na waligombana kila siku ya Mungu. Akullo naye alimchukia vilevile, tusimsingizie wema.

"Mama Nusura, nirudishie hata kidogo."

"Nenda omba kwa kambi ya jeshi."

Nje gari lilifunga breki. Abudu aliingia na askari wawili, hakusalimu mtu, akamzaba Akullo kofi.

"Ndugu yako iko wapi?"

"Sijui, mzee."

Kofi la pili lilimkalisha chini. Askari walipekua chumba chake, wakapasua godoro, wakamwaga unga, wakakanyaga nguo. Walipekua sebule na stoo. Hawakupata kitu. Ndipo yule mrefu wao, kijana asiye na haya wala dini, alipoelekea chumba cha mwisho.

"Na hapa?"

"Hapana," alisema Abudu. "Hapo iko mzazi."

"Mzazi ni kitu gani, afande? Mimi nataka kuona na macho."

Akashika pazia. Abudu alifungua mdomo, akaufunga tena. Alikuwa akiogopa kuonekana anaficha kitu.

Kulusum alijitia katikati, bakuli mkononi.

"Toa mkono kwa pazia yangu! Nyinyi napoteza wakati ya bure. Huyo mtu iko Kalerwe, nyuma ya mkaa ya Nalongo. Huyu malaya ndiyo napeleka yeye chakula. Mimi nilifuata yeye, niliona!"

Abudu alimtazama Akullo, na Akullo, maskini, hakujua kuuficha uso wake.

"Nikirudi," Abudu alimwambia, "ni wewe na ndugu yako."

Wakatoka mbio. Gari likanguruma kuelekea Kalerwe.

Akullo aliinuka bila kujua ameinuka. Alimrukia Kulusum, akamkaba shingo, akambamiza ukutani. Maisha yake yote hakuwahi kumpiga mtu mzima, lakini wakati ule angemuua na kulala usingizi mzuri.

"Umeuza ndugu yangu! Mama mmoja, Kulusum! Tumezaliwa mama mmoja!"

Kulusum hakupiga kelele. Alilishikilia bakuli lisimwagike, akambandua Akullo vidole kwa mkono mmoja, taratibu, huku akihema.

"Abudu akirudi mikono mitupu," alisema, "mimi nitasema nilidanganya. Nitasema wivu ya mke mwenza. Atanipiga, na ataamini. Bukoto yote inajua mimi nakuchukia."

"Mikono mitupu?"

"Na nakuchukia kweli. Usifikiri kitu ingine."

Akullo alimkodolea macho, mashavu yakimwaka kwa makofi. Kulusum alitengeneza shuka yake shingoni, akafuta damu kidogo kwenye mdomo, kisha akamsukumia bakuli la kabalagala kifuani.

"Peleka wewe mwenyewe," alisema, akiinua pazia la chumba cha mzazi. "Na uambie kaka yako aache kukoroma. Mtoto halali."