Nungunungu Atafuta Adui

Paliondokea Nungunungu mwenye meza ya vita vya mchezo. Kila Ijumaa majirani walimjia na askari wa udongo waliowafinyanga wenyewe, wakarusha kete, wakatukanana na kucheka. Nungunungu aliupenda mchezo, lakini alipenda kanuni zaidi.

Kima alipoleta askari wasiopakwa rangi, alimzuia mlangoni. "Jeshi uchi haliingii kwangu!" Kobe alipokawia kurusha kete, akamwambia, "Babu, vita havingoji usingizi wako." Wengine waliondoka bila kufukuzwa.

Nungunungu akabaki bingwa asiye na mpinzani. Alipiganisha mkono wa kulia na wa kushoto, mpaka akaituhumu yote miwili kwa hila. Ndipo upweke ulipomtoa nyumbani.

"Kima, ndugu yangu, njoo uwe adui yangu tena. Hata jeshi uchi nitalipokea."

Kima alikuwa akikandika nyumba. "Umechelewa, bwana. Askari wangu nimeshawaloweka. Ndio huu ukuta."

"Sasa nani atapigana nami?"

"Sijui. Mke hutunzwa, rafiki hutunzwa. Adui wa mezani naye alitaka kutunzwa."

Nungunungu akarudi kwake, akaikuta meza imepangwa kama alivyoiacha, na kila zamu ni yake.