Wakaguzi wa Jumanne

Jina la Profesa Marlene Hoekstra halikuwamo kwenye orodha ya watakaohojiwa na wakaguzi wa chuo, kwa hiyo aliingilia mlango wa jikoni, akapanda ngazi za nyuma, faili kwapani.

Kwenye korido akakutana na Duane wa hisabati, tai mpya shingoni.

"Dada, rudi nyumbani. Si mkuu alikwambia Jumanne hii upumzike?"

"Nipumzike nimechoshwa na nini, Duane? Na kuwatazama mkinyoosha mikono?"

Na kweli walijua kunyoosha. Baraza la Walimu la chuo kile kidogo cha Michigan lilipitisha shahada nzima ya takwimu kwa dakika sita, ifundishwe na kocha wa mpira wa kikapu. Kisha, kiangazi kilipofika, mkuu akalivunja baraza hilo kwa barua pepe ya mistari miwili. Kumbukumbu za vikao vyake, hata hivyo, ziliendelea kutoka kila mwezi, na sahihi juu.

Marlene aliingia bila kubisha. Wakaguzi walikuwa watatu.

"Nimefundisha falsafa hapa miaka kumi na minane," alisema. "Mkikipa chuo hiki ithibati, mtakuwa mmeithibitisha karatasi tupu."

Mkaguzi mkuu, mama mwenye mvi, akamvutia kiti. "Karibu, Profesa. Sema taratibu, usiache kitu."

Hakuacha. Alieleza vikao hewa, sahihi za kughushi, wanafunzi wa uuguzi waliofaulu mtihani ambao haukufanyika. Akamwaga karatasi mezani.

"Una nakala nyingine?" aliuliza mama yule, akiandika.

"Hizo ndizo pekee."

"Na nani mwingine anayajua haya?"

Marlene akageuka kuutazama mlango. Halafu akawataja wenzake wawili wa maabara, waliompa karatasi zile kwa siri.

"Leo hakuna aliyetusaidia kama wewe," alisema mama, akamshika mkono.

Marlene akashusha pumzi. Tangu kiangazi hakuwa amejisikia mwalimu hivi. Alimfikiria Duane na tai yake, akacheka kimoyomoyo.

Mlango ukafunguliwa. Mkuu wa chuo, Bwana Curtis Raybould, aliingia akitabasamu. Mama wa mvi alikusanya karatasi zote, akamkabidhi.

"Mazoezi yametosha, bosi," alisema. "Wakaguzi wa kweli wakifika Jumatatu, hakikisha huyu na wale wawili wa maabara wako likizo."