Dume Kutoka Bara

Mize alikuwa amepiga magoti zizini tangu asubuhi, mkono umelowa mafuta ya nazi, akijaribu kumzalisha kondoo wake. Alikuwa kondoo wa kienyeji, mdogo kama wote wa kisiwa kile.

"Nilikwambia, Makame!" alimfokea mumewe. "Dume lako la bara ni kubwa mno. Huyu atazaaje?"

"Nilitaka na sisi tupate kondoo wenye miili."

"Basi mshike kichwa. Mwili wenyewe umekwama huku!"

Akavuta tena, machozi ya hasira yakimtoka. Mwanakondoo akaanguka kwenye majani, mzima, miguu mirefu kama ya ndama. Mama yake alibaki amelala ubavu, akihema. Kitoto kikasimama kikiyumba, kikaanza kumnusanusa, kikitafuta ziwa.